Barua ya wazi kwa wanaosimamia maghorofa ya Dar es Salaam: Siku ya kuhamia ni ya jengo zima

Ndugu viongozi wa jumuiya za wamiliki, ndugu mameneja wa majengo, nanyi mnaouza nyumba ambazo bado zimo kwenye michoro,

Kila anayeishi ghorofani ana siku mbili ambazo majirani zake wote huzisikia: siku anayoingia na mizigo yake na siku anayotoka nayo. Katika majengo mengi ya Upanga, Kisutu, Kariakoo na Kinondoni siku hizo mbili hazina mwenyewe. Mwenye nyumba ameshapokea kodi yake, dalali ameshachukua chake na kwenda zake, na anayebaki kuamua kama kitanda kitapanda kwa lifti au kwa ngazi ni mlinzi aliyeko getini zamu hiyo. Hoja ninayoileta kwenu ni kwamba kuhamia katika jengo refu ni shughuli ya jengo zima, si shida binafsi ya mwenye mzigo. Kwa hiyo utaratibu wake unapaswa kuandikwa na ninyi, kujulikana kabla ya mkataba kusainiwa, na kumhusu kila mtu kwa namna moja, awe amenunua au amepanga.

Msingi wa hoja hii umo katika sheria tuliyo nayo tayari. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 ilimfungulia mtu njia ya kuwa na hati ya nyumba iliyo ghorofa ya tisa bila kuwa na kiwanja chake peke yake. Lakini hati hiyo haiji yenyewe. Inakuja na fungu katika mali ya pamoja, yaani ngazi, korido, lifti, paa na eneo linalozunguka jengo, na inakuja na jumuiya ya wamiliki yenye wajibu wa kuisimamia mali hiyo na kuiwekea kanuni. Sasa ifuatilieni siku ya kuhamia tangu mwanzo hadi mwisho. Gari linasimama kwenye eneo la pamoja, mzigo unapita geti la pamoja, unangojea kwenye ukumbi wa pamoja, unapanda lifti ya pamoja na kuburutwa kwenye korido ya pamoja. Mkazi mpya anaanza kutumia mali yake mwenyewe pale tu anapovuka kizingiti cha mlango wake, na wakati huo kazi ngumu imeshakwisha. Jambo ambalo karibu lote linafanyika juu ya mali mnayoisimamia haliwezi kuachwa lijiendeshe.

Nianze na lifti, kwa kuwa ndiyo inayoharibu mipango ya wengi. Vipimo vyake si siri. Ile inayoandikwa kilo 630 au watu 8, kwa viwango vya kimataifa, ina chumba chenye upana wa sentimita 110 na kina cha sentimita 140. Ile ya kilo 1,000 au watu 13 mara nyingi ina upana uleule, ila kina chake ni sentimita 210. Sentimita 70 zinaonekana chache kwenye mchoro, lakini ndizo zinazoamua nini kitapanda na nini hakitapanda. Godoro la futi sita kwa sita lina sentimita 183 kila upande. Ndani ya lifti ya kilo 630, hata ukilisimamisha kona kwa kona, nafasi yote iliyopo ni sentimita 178. La sponji utalikunja. La springi halikunjwi, litapita ngazini. Sofa ya watu watatu ina shida hiyohiyo, na kabati la mninga lililogongwa misumari na fundi wa Keko halifunguki vipandevipande. Mkazi anayevijua vipimo hivi wiki mbili kabla atapima vyombo vyake, atauza kisichopita, au atamwomba fundi kabati la kufungwa kwa skrubu. Anayevijua akiwa amesimama mlangoni na wapagazi wanne hana la kufanya ila kulazimisha, na kinacholazimishwa ni mlango wa lifti mnayoilipia nyote. Mlango uliozuiwa kwa kipande cha mbao unashindana na mota yake kutwa nzima. Ukiharibika, gharama inaingia kwenye sevisi chaji ya kila kaya, hata ile ya ghorofa ya kwanza ambayo haikuwa na habari kwamba kuna mtu anahamia.

Kisha kuna muda. Tukadirie kwamba mizigo ya nyumba ya vyumba viwili vya kulala inahitaji safari 30 za lifti, na kwamba kila safari, pamoja na kupakia chini na kushusha juu, inakula dakika 6. Hizo ni saa 3 kamili za lifti moja. Kama saa hizo 3 zimeangukia kati ya saa 3 asubuhi na saa 6 mchana, wakati wengi wako kazini na watoto wako shule, jengo linaweza kuzibeba. Zikiangukia saa 12 jioni, foleni inafika getini. Wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu, ambao kwao lifti ndiyo mlango wa nyumba, wanakaa chini wakisubiri, huku mwenye mzigo akitazamwa kama mkorofi. Hakuna aliyefanya kosa hapo. Jengo ndilo halikupanga.

Na pale mlinzi anapokataza lifti isitumike kabisa, kama inavyotokea, tuseme wazi nani anaubeba uamuzi huo. Jengo la ghorofa 12 lenye mita 3 kwa kila ghorofa lina ngazi zaidi ya 200 hadi juu. Wapagazi wanaokodiwa barabarani hawana bima, na bei yao waliipatana wakidhani lifti ipo. Wanapoambiwa wapande na friji mgongoni, ama bei inaongezeka mara mbili papo hapo na ugomvi unaanza, ama wanakubali kwa bei ileile na kuhatarisha uti wa mgongo. Kuta za ngazi zinakwaruzwa, kona zinamomonyoka, na njia ya kukimbilia wakati wa moto inazibwa na masanduku kwa nusu siku nzima. Kukataza lifti bila kutoa njia nyingine hakulilindi jengo. Kunahamisha tu madhara kutoka kwenye lifti hadi kwenye ngazi, na kutoka kwenye mfuko wa jumuiya hadi kwenye mwili wa kijana anayetafuta riziki.

Jambo ninalodhani halisemwi vya kutosha ni kwamba mwenye kununua hahamii na vyombo peke yake. Anatanguliwa na mafundi. Anataka vigae vingine, makabati ya jikoni, dari ya jasi, pengine ukuta mmoja uondolewe ili sebule iwe pana. Hapo hesabu ya uzito inakuwa nzito kweli. Mifuko 10 ya saruji ya kilo 50 ni kilo 500. Weka na vibarua wawili, umefika kilo 650, na lifti ya kilo 630 inapiga kengele na kugoma. Vumbi la vigae linaingia kwenye reli za mlango na kwenye vitambuzi vyake. Kuhusu kuta, jiji hili limezika watu waliofunikwa na majengo, mtaa wa Indira Gandhi mwezi Machi 2013 na Kariakoo mwezi Novemba 2024, na baada ya misiba hiyo hakuna kiongozi wa jumuiya anayepaswa kusikia nyundo ikigonga ukuta ghorofa ya sita bila kujua ni ukuta gani, na ni mhandisi gani ameukagua. Kazi za mafundi lazima ziombewe ruhusa ya maandishi kabla ya funguo kukabidhiwa, kwa saa zinazojulikana, vifaa vikipanda kwa mafungu ambayo uzito wake umekadiriwa.

Basi utaratibu ninaouomba useme nini? Utoshe ukurasa mmoja, tena kwa Kiswahili, maana atakayeutumia zaidi ni mlinzi, dereva na mpagazi. Uanze na vipimo: mlango wa lifti, kina cha lifti, uzito inaoubeba, upana wa ngazi, na urefu wa geti. Paa la maegesho ya chini ya ardhi mara nyingi liko juu kidogo tu ya mita 2. Kirikuu yenye mzigo mfupi inaweza kupita, Canter yenye boksi haipiti, na dereva asigundue hivyo akiwa ameshaziba mtaa mwembamba wa Kisutu mchana wa jua kali. Useme gari litasimama wapi na kwa muda gani. Utaje vipindi viwili kwa siku vya kuingiza mizigo, asubuhi na alasiri, na uheshimu swala ya Ijumaa na ibada ya Jumapili kama jengo lenyewe linavyoziheshimu. Useme lifti ipi itatengwa, na kwamba kuta zake zitafunikwa kwa turubai au mablanketi ambayo jumuiya imeshayanunua, si ya mwenye mzigo kutafuta.

Umeme unataka aya yake. Lifti ikisimama katikati kwa kukatika umeme, ikiwa na kabati na watu wawili ndani, nani anaitwa, na jenereta inawasha lifti ipi? Majengo mengine jenereta yake inaendesha lifti moja tu na pampu ya maji. Hilo si aibu, ila lijulikane, ili lifti ya mizigo siku hiyo iwe ndiyo hiyo. Mkazi mpya akabidhiwe pia namba ya mita ya LUKU na hali yake siku ya kuingia. Kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kupitia manunuzi ya umeme tangu 2021, na deni la aliyetangulia linaweza kumpokea mgeni usiku wake wa kwanza, akiwa na watoto gizani na tokeni iliyokatwa nusu.

Na gesi. Serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na mitungi inaongezeka kila mwaka. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya lifti haipandi juu na kutawanyika, inazama kwenye shimo la lifti na kutulia huko, mahali penye nyaya na cheche. Najua hamwezi kumtaka mama apande ngazi 200 na mtungi wa kilo 15 za gesi, ambao ukiwa umejaa unafika karibu kilo 30. Wekeni basi kanuni inayotekelezeka: mtungi unapanda ukiwa umesimama wima, valvu imefungwa na kofia yake juu, bila abiria wengine ndani, na haupakiwi pamoja na mizigo mingine ya kuhamia. Namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji iandikwe chini ya ukurasa huohuo.

Nayajua majibu yatakayokuja. La kwanza ni kwamba huu ni urasimu, na kwamba kila fomu mpya ni mlango mpya wa rushwa getini. Hofu hiyo ina haki yake. Lakini tazameni hali ilivyo sasa: kwa kuwa hakuna kilichoandikwa, kila kitu kinajadiliwa, na anayejadiliwa naye ni mlinzi anayelipwa mshahara mdogo. Hali hiyo ndiyo inayozaa "chai". Ukurasa uliobandikwa ukutani, wenye saa na lifti iliyotengwa, unamwondolea mlinzi mamlaka ambayo hakupaswa kuwa nayo, na unampa ulinzi pia, kwa sababu mwenye fedha akija saa 4 usiku na gari lake mlinzi ana kitu cha kumwonyesha. Majengo mengi ya Dubai, ambako ndugu zetu wengi wanafanya kazi, hayampokei mpangaji bila kibali cha kuhamia kutoka kwa wasimamizi. Toronto ni jambo la kawaida mkazi kuweka nafasi ya lifti siku kadhaa kabla. Miji hiyo haikufika hapo kwa kupenda makaratasi. Watu wengi wanaishi juu ya watu wengi, na mizigo ni lazima ipite.

La pili linahusu fedha. Wapo watakaosema jumuiya itoze ada ya kuhamia, au ishike amana ya kufidia uharibifu. Kwa hili nasimama upande wa mpangaji. Mtu anayehamia Dar es Salaam mara nyingi ametoka kulipa kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo, na juu yake mwezi mmoja wa dalali. Kumwongezea tozo siku hiyohiyo ni kumkamua aliyekwisha kukamuliwa. Isitoshe, mwanachama wa jumuiya ni mmiliki, si mpangaji. Jumuiya imdai mmiliki, naye amalizane na mpangaji wake kwa mkataba wao. Kinachohitajika kwa mkazi ni ukaguzi tu: meneja na mwenye mzigo wapite pamoja kabla na baada, wapige picha za lifti, korido na kona za ngazi, na kila mmoja abaki na nakala. Picha kumi zinamaliza ugomvi ambao amana ya laki tatu isingeumaliza.

Hapo hapo linajibika lile la tatu, kwamba mambo ya kuhamia ni kati ya mwenye nyumba na mpangaji wake. Yangekuwa hivyo kama mwenye nyumba angekuwa na lifti yake. Hana. Ana fungu katika lifti ya wote, na hawezi kumpa mpangaji ruhusa ya kutumia mali ya pamoja kwa masharti ambayo yeye mwenyewe hakupewa na wenzake. Kwa sababu hiyo ukurasa huo lazima uambatishwe kwenye mkataba wa upangaji, na mmiliki asiyeuambatisha ndiye atakayewajibika, si mgeni ambaye hakuambiwa.

Jibu gumu zaidi ni la majengo yenye lifti moja. Huko huwezi kuitenga kwa saa 3 bila kuwafunga wazee ndani. Sina suluhisho lisilo na usumbufu, ila lipo lenye haki. Kila baada ya safari moja ya mzigo, lifti irudi kwa abiria kwanza, na kazi iliyokuwa ya saa 3 igawanywe vipindi viwili au siku mbili. Tangazo liwekwe ukutani na kwenye kundi la WhatsApp la wakazi siku 3 kabla, ili mwenye miadi ya hospitali ajipange. Itachukua muda mrefu zaidi, na mkazi mpya ataambiwa hivyo mapema, kabla hajakodi gari la saa mbili.

Wengine watasema watu huhama mwisho wa mwezi kwa sababu mishahara na kodi ndivyo vilivyo, na ratiba haitabadilisha hilo. Ni kweli mikataba mingi inaanzia tarehe mosi. Ndiyo sababu kaya tatu hukutana kwenye ukumbi uleule na makochi yao. Jumuiya ikiwa na daftari la nafasi, wa kwanza kuomba anapata tarehe mosi, wa pili tarehe 2, na wenye nyumba wataanza wenyewe kuruhusu funguo zitolewe siku mbili tatu mapema. Hawafanyi hivyo sasa kwa kuwa msongamano huo hauwagusi.

Kwenu mnaojenga na kuuza kabla jengo halijasimama, pamoja na Shirika la Nyumba la Taifa na Wakala wa Majengo, nina ombi la pekee. Makazi ya ghorofani si ya matajiri tena. Mwaka 2022 kaya 644 zilizokuwa zikiishi nyumba za chini za Magomeni Kota zilikabidhiwa nyumba katika maghorofa mapya palepale. Wako na watakuja wengine kama wao, watu waliozoea uani: kinu, pipa la maji, kamba ya nguo, turubai la msiba mbele ya nyumba. Kuhamia kwao ni kujifunza maisha mengine, na mwongozo wa jengo unapaswa kuwaambia bila kuwadharau nguo zinaanikwa wapi, taka zinashushwa saa ngapi, msiba unapokelewa sehemu gani, na serikali ya mtaa wao iko wapi. Zaidi ya hayo, katika kila jengo wekeni walau lifti moja yenye kina cha sentimita 210. Lifti inayopitisha godoro la sita kwa sita ndiyo inayopitisha machela yenye mgonjwa aliyelala, na ndiyo inayopitisha jeneza. Lifti ya watu 8 haipitishi. Familia inayomshusha marehemu wake kwa ngazi za ghorofa 12 inalipia akiba mliyoifanya ninyi siku ya kuchora.

Ninachoomba hakisubiri Bunge wala bajeti. Mkutano mkuu ujao wa jumuiya yenu uwe na ajenda hii. Kabla ya hapo, mtumeni fundi na futi kamba apime lifti, geti na ngazi. Vipimo hivyo vibandikwe ukutani wiki hii, vitumwe kwa kila mmiliki anayepangisha, na meneja aanze daftari la nafasi kuanzia tarehe mosi ijayo.